JARIDA LA BURE LINA MWENYEWE

Upo ushauri unaotolewa mara kwa mara katika mikutano ya matawi, na katika barua tunazoletewa hapa ofisini, ya kwamba majarida ya wafanyakazi yagawiwe bure. Wenye ushauri huo ni watu wema, na hoja yao si ya kipuuzi. Wasema kwamba mshahara wa mfanyakazi ni mdogo. Kwamba siku hizi wengi wanazo simu mkononi na humo husoma habari pasipo kumlipa mwandishi hata senti. Na kwamba gharama za karatasi na chapa zaweza kubebwa na wafanyabiashara wenye kutaka kutangaza bidhaa zao. Kwa nini, wauliza, tumdai mwenye njaa kile ambacho mwenye shibe yu tayari kukilipia?

Twaliheshimu swali hilo, na kwa sababu twaliheshimu hatutalijibu kwa maneno ya jukwaani. Twapenda wasomaji wetu waitazame kwanza biashara yenyewe ya majarida, jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyoendeshwa, huku kwetu na kwa mabepari walioikuza kupita wote. Ni biashara ya ajabu, isiyofanana na ya unga wala ya nguo. Auzaye unga hupata faida yake kwa yule aulaye. Mwenye jarida aweza kumwuzia msomaji kwa hasara, mwezi baada ya mwezi, na bado akajijengea nyumba ya ghorofa.

Hata jina ambalo Waingereza waliipa bidhaa hiyo halitoki mbali nasi. Mwaka 1731 mpiga chapa mmoja wa London, Edward Cave, alianzisha gazeti la kila mwezi akaliita The Gentleman's Magazine, na neno lile la mwisho maana yake ilikuwa ghala, kwa kuwa humo alikusanya makala na habari zilizokwisha kutokea katika magazeti mengine ya mji. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Waitalia, na asili yake ni Kiarabu, katika shina lile lile lililotupa sisi neno hazina. Jarida, basi, ni ghala. Na ghala, kama ajuavyo kila mkulima aliyepata kupeleka pamba yake kwenye chama cha ushirika, lina mshika ufunguo.

Huku kwetu ufunguo ulishikwa kwanza na misheni. Msimulizi lilianza mwaka 1888 huko Kiungani, Unguja, katika shule ya Wamisheni wa Kiingereza wa Vyuo Vikuu. Baadaye Wajerumani walikuwa na Kiongozi, lililopigwa chapa katika shule ya serikali ya Tanga. Na mwaka 1910 yakatokea Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Mwingereza alipoitwaa Tanganyika naye hakukawia. Mnamo Januari 1923 Idara ya Elimu ilitoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi ambalo babu zetu walilisoma kwa miaka arobaini hivi. Sisi tuliopata elimu yetu katika shule za misheni hatuwezi kuyabeza magazeti hayo. Yaliwafundisha watu kusoma kwa kupenda, yakakikuza Kiswahili cha maandishi, na katika kurasa za mashairi za Mambo Leo ndimo wengi walimokutana kwanza na jina la Shaaban Robert.

Lakini mlipaji hakuwa msomaji. Msomaji alitoa senti chache kwa nakala yake, nazo zilisaidia. Mishahara ya wahariri, mitambo na kiwanda cha chapa vilikuwa vya kanisa au vya serikali. Basi mtu aliweza kuandika humo juu ya usafi wa visima, juu ya ngoma za harusi, juu ya safari ya Gavana. Hakuweza kuuliza Gavana alitumwa na nani.

Aliyejaribu kuushika ufunguo yeye mwenyewe alikuwa Erica Fiah, mwenye duka wa Dar es Salaam aliyezaliwa Uganda. Mnamo Novemba 1937 alitoa Kwetu, gazeti la kwanza katika Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Hakuwa na kanisa nyuma yake wala hazina ya serikali. Alikuwa na duka lake, wasomaji wake na deni la mpiga chapa. Gazeti likaenda kwa kusuasua, likitoka na kukosa kutoka, hata lilipokoma mwaka 1951. Walioandika historia ya nchi hii humtaja Fiah kwa heshima, nasi twaafiki. Ila twaona ni vema ikumbukwe pia kwamba wako waliolipenda gazeti lake sana, wakalisoma katika nakala ya jirani.

Kisha Chama. Mwaka 1957 TANU ilianza kutoa Sauti ya TANU, na Mwalimu Nyerere alikuwa mhariri wake. Zilikuwa karatasi za stensili, si jarida la kupendeza macho. Zililipiwa na Chama kilichoishi kwa ada za wanachama wake. Karatasi hizo zilisema mambo ambayo Mambo Leo halikupata kuyasema katika umri wake wote chini ya Mwingereza, na mwaka 1958 Mwalimu alishtakiwa mahakamani kwa maneno yaliyochapwa humo juu ya maofisa wawili wa Kiingereza waliotawala wilaya. Alihukumiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ikalipwa. Mkoloni hakuwa na njia nyingine ya kulinyamazisha gazeti lile ila mahakama, kwa kuwa hakuwa na ruzuku ya kuondoa wala tangazo la kunyima.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba mlipaji wa pembeni ni kanisa au serikali tu. Aliye mkubwa kuliko wote ni tangazo la biashara, na huyo ndiye ambaye wenye ushauri wa jarida la bure wataka tumkaribishe. Ili kumwona jinsi alivyo, pasipo joho la ukoloni juu yake, hatuna budi kwenda Marekani, mahali alipolelewa hata akawa mtu mzima.

Mwaka 1879 bunge la Marekani liliyapa majarida nauli nafuu ya posta, na mwaka 1885 nauli hiyo ikashushwa hadi senti moja kwa ratili. Hapo nchi nzima ikawa soko moja. Viwanda vya sabuni, vya biskuti, vya baiskeli na vya dawa vilikuwa vinatafuta njia ya kusema na watu wa kila jimbo kwa siku moja, na wakati huo majarida yenye sifa yaliuzwa senti 25 au 35, bei ambayo kibarua hakuimudu. Mnamo Oktoba 1893 Frank Munsey wa New York, akiwa na madeni mengi, alishusha bei ya jarida lake hadi senti 10. Kampuni kubwa iliyoshika usambazaji wa magazeti haikukubali kulipokea kwa masharti yake, naye akalisambaza mwenyewe. Kufikia mwaka 1895 alikuwa anauza nakala nusu milioni.

Ni hapa twaomba msomaji akae kidogo, maana hapa ndipo penye siri ya biashara yote. Katika jarida, nakala ya kwanza ndiyo ghali. Mhariri hulipwa, waandishi hulipwa, kurasa hupangwa, mtambo huandaliwa, na hayo yote hugharimu sawasawa hata kama itachapwa nakala moja tu. Baada ya hapo kila nakala ni karatasi, wino na nauli. Munsey aliona kwamba senti 10 za msomaji zatosha kwa shida kulipa karatasi na wino na nauli hiyo. Faida haikuwa katika senti 10. Alichukua hesabu ya wale nusu milioni akaenda nayo kwa mwenye sabuni, akamwambia: macho haya ninayo, utayanunua kwa bei gani kila elfu? Tangu siku hiyo jarida la kibepari likawa na wateja wawili, mmoja asomaye na mwingine alipaye, na bidhaa halisi iliyovushwa kaunta ilikuwa ni yule wa kwanza.

Hata hivyo yatupasa kuwa waadilifu. Fedha ya tangazo ilifanya kazi ambayo ruzuku ya mkoloni isingalifanya kamwe. Jarida la McClure's, lililoanza mwaka 1893 kwa senti 15 na kuishi kwa matangazo kama lile la Munsey, lilichapa tangu Novemba 1902 hadi 1904 makala za bibi mmoja, Ida Tarbell, juu ya kampuni ya mafuta ya Standard Oil na jinsi John D. Rockefeller alivyowasaga washindani wake kwa mapatano ya siri na kampuni za reli. Makala hizo ziliitikisa nchi, na mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe vipande. Kwa hiyo asiyesema kweli ni yeye asemaye kwamba tangazo hufunga kila kinywa. Wenye sabuni hawakuwa na ugomvi na yule aliyemshambulia mwenye mafuta, maadamu watu walisoma. Lakini McClure's lilikuwa na watangazaji wengi wadogo, hata hapakuwa na mmoja aliyeweza kulisimamisha. Jarida la wafanyakazi katika nchi zetu lingekuwa na wawili au watatu, nao wangejuana.

Tena kuna jambo la pili, ambalo watu hulisahau. Mteja alipaye akiondoka, asomaye hawezi kuliokoa jarida, hata akiwa na mapenzi kiasi gani.

Jarida la picha la Life lilianza New York tarehe 23 Novemba 1936. Wenye kampuni walikuwa wamekwisha kuwaahidi watangazaji nakala 250,000, na bei ya matangazo ilifungwa kwa hesabu hiyo. Watu wakaligombea kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, na katika muda wa miezi michache nakala zikapita milioni moja kwa juma. Mwenye duka yeyote angalichinja mbuzi. Life lilipata hasara ya mamilioni ya dola, kwa kuwa kila nakala iligharimu zaidi ya senti 10 alizotoa msomaji, na mtangazaji alikuwa bado analipa kwa hesabu ya robo milioni. Kila msomaji mpya aliyefurahi alikuwa shimo jipya mfukoni mwa mwenye jarida. Bei za matangazo zilipopandishwa, shimo likafukiwa na Life likawa tajiri kwa miaka mingi.

Kisha ikaja televisheni, nayo ikachukua macho yale yale kwa bei iliyowapendeza zaidi wenye sabuni. Twaomba wenye ushauri wa jarida la bure wayasome kwa makini yaliyofuata. Jarida la Saturday Evening Post lilikuwa na nakala karibu milioni saba. Mwaka 1968 wakuu wake waliamua kuzipunguza zibaki milioni tatu, na hawakufanya hivyo kwa kupandisha bei: walipitia orodha ya watu waliokwisha kulipia, wakawaondoa wale walioishi mashambani na katika mitaa isiyo na fedha, wakawabakiza wakaao mijini wenye vipato ambao watangazaji waliwataka. Mkulima aliyelipa kwa mwaka, na pengine baba yake alilipa kabla yake, alijulishwa kwamba hatakiwi tena. Hakufanya kosa lo lote ila kwamba hakuwa mnunuzi mzuri wa bidhaa za watu wengine. Hata hila hiyo haikufaa kitu. Saturday Evening Post lilikufa Februari 1969; Look likafuata mwaka 1971; na Life la kila juma likafungwa Desemba 1972, lilipokuwa bado na wanunuzi zaidi ya milioni tano. Watu milioni tano walikuwa wakilitaka na kulilipia, lakini kwa miaka thelathini na sita malipo yao yalikuwa yamefanywa kuwa madogo kuliko bei ya karatasi, na siku ya shida hayakuweza kubeba kitu.

Turudi Afrika ya Mashariki, kwa kuwa tusingependa mtu adhani kwamba mambo haya ni ya Wamarekani na sabuni zao. Mwaka 1961 Rajat Neogi, Mganda wa asili ya Kihindi, alianzisha mjini Kampala jarida la Kiingereza liitwalo Transition. Lilikuwa jarida bora. Humo Obi Wali aliuliza kama fasihi ya Afrika yaweza kuishi katika lugha za wageni, na humo Ali Mazrui wa Mombasa aliandika juu ya Tanzania kwa namna iliyowakera wengi wetu, na kujibiwa. Mwaka 1967 ikajulikana hadharani kwamba shirika la Ulaya lililokuwa likilisaidia kwa fedha, pamoja na majarida mengine katika nchi nyingi, lilikuwa likipata fedha zake kutoka kwa wapelelezi wa Marekani, yaani CIA. Neogi alisema hakuwa na habari, nasi hatuna sababu ya kumwita mwongo. Mwaka uliofuata alitiwa kizuizini na serikali ya Uganda kwa sababu ya maandishi yaliyochapwa katika jarida lake. Jambo hilo lina hesabu yake mbali, wala hatutaifungua hapa.

Kosa la Transition halikuwa kupokea msaada. Hakuna jarida la fikra ambalo halikupata kusaidiwa na mtu. Lililoumiza ni kwamba msomaji wa Kampala au Nairobi, aliyelipa shilingi zake kwa haki, hakuambiwa ni nani mwingine aliyekuwa amelipia nakala ile ile, naye mhariri alisema hakuambiwa. Gazeti hili ni mali ya Chama, na jambo hilo hatulifichi. Asomaye apima maneno yetu akijua mlipaji ni nani, na akiwa mwanachama, ada yake imo humo. Aweza kusimama katika mkutano wa tawi na kudai hesabu. Kwa kampuni ya sabuni atasimama wapi?

Na hiyo simu isemwayo kuwa ya bure? Siyo bure. Ni hesabu ya Munsey iliyofanywa upya kwa mitambo yenye akili zaidi. Google, na Meta yenye Facebook, hupata sehemu kubwa ya mapato yao kwa kuuza nafasi za matangazo, nazo hazihitaji kukisia ni nani asomaye kama Munsey alivyokisia. Zajua alitafuta nini jana na yuko mtaa gani leo. Matangazo yaliyoyalisha magazeti ya karatasi yamehamia huko, kama yalivyohamia kwenye televisheni zamani zile. Kwa hiyo ushauri wa kulilisha jarida letu kwa matangazo una kasoro hata kwa hesabu za kibepari zenyewe: wataka tukajenge kwenye ukingo wa mto wakati mto umekwisha kuhama.

Matangazo yangalipo ambayo yangekuja. Twayajua, maana huonekana kila mahali: ya michezo ya kubashiri, ya mikopo ya haraka ya simu yenye riba ya kutisha, na pengine ya kampuni yenye shamba kubwa au kiwanda ambayo ingependa jina lake lionekane jalada la nyuma. Sasa fikiri vibarua wa shamba hilo wakikaa miezi miwili bila mshahara. Mwandishi wetu ataleta habari. Mhariri hataambiwa na mtu asiichape. Atakumbuka tu kwamba karatasi ya mwezi ujao haijalipiwa.

Wazee walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapa hata undugu haupo. Shauri letu ni hili. Jarida la wafanyakazi liuzwe, tena kwa bei inayolipa karatasi, chapa na nauli ya kila nakala, hata ikiwa ni lazima liwe na kurasa 16 badala ya 48 na jalada lisilong'aa. Mishahara ya waandishi na gharama za nakala ya kwanza zitoke katika michango ya vyama vya wafanyakazi vyenyewe, ambayo hukatwa kwenye mshahara na wenye kukatwa wana haki ya kuulizia. Matangazo yapokelewe, lakini yasizidi robo ya kurasa, na yasiwemo ya kamari wala ya riba. Na katika kila toleo ichapwe orodha ya wote waliolilipia toleo hilo na kiasi walichotoa, Chama kikiwemo.

Asiyeweza kununua nakala peke yake achange na wenzake wanne. Hivyo ndivyo magazeti yalivyosomwa katika nchi hii tangu zamani, moja kwa watu watano au kumi, mmoja akisoma kwa sauti chini ya mwembe na wengine wakibishana naye. Aliyechangia sehemu ya tano ya bei ni mnunuzi kamili machoni petu. Anayedowea siye.

Limebaki neno la mawakala, ambalo si tamu. Wakala auzaye nakala mia na kurudisha fedha za nakala sitini huliua jarida upesi kuliko mkoloni, naye mara nyingi ni mtu tunayemjua, aliyeanza kwa kukopa kidogo kwa ajili ya ada ya shule ya mtoto akikusudia kurudisha. Kwa hiyo twaona ni heri kila tawi lilipie nakala zake kabla hazijapigwa chapa. Katibu aandike majina ya wachangaji katika daftari, fedha ziende moja kwa moja kwa mpiga chapa, na stakabadhi isomwe katika mkutano wa tawi wa mwezi huo huo. Tawi lisilolipa kufikia tarehe 20 lisipelekewe nakala, hata kama mwenyekiti wake ni mtu mkubwa.